Nilizima simu nisali, nikakosa matanga ya jirani

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja hapa Nairobi, na kazi yangu ni kushona sare za shule katika duka moja huko River Road. Nakuandikia kwa kalamu kwenye daftari la vipimo vya wateja, maana nikishika simu sasa hivi najua nitakapoishia.

Haya mambo yalinianza tarehe 25 Juni 2024. Kifungua mimba wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni, akaja mjini na wenzake kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kuanzia saa saba mchana kila nikimpigia naambiwa mteja hapatikani. Dukani tulikuwa tumefunga mlango wa chuma, tuko ndani watu sita, na mimi natazama video za vijana wakiingia Bungeni, nazikuza kwa vidole viwili nikitafuta sweta ya kijani. Nilidhani nimemwona mara tatu. Mara moja alikuwa amelala chini, hasogei. Hakuwa yeye. Alifika nyumbani saa nne usiku, macho mekundu kwa gesi ya kutoa machozi, simu iliisha chaji tangu mchana. Tukamshukuru Mungu, akala, akalala. Yeye alirudi, Mama. Mimi ni kama sijarudi mpaka leo.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa bila kujua. Naamka saa kumi usiku kwenda msalani, nikirudi nimeshaingia TikTok, kisha Facebook, kisha makundi ya WhatsApp, ambayo ni manane. Vijana waliotekwa, ajali, mafuriko, bei ya mafuta, vita vya Sudan na Kongo. Dukani redio inawaka tangu tufungue. Kwenye matatu kuna skrini. Nyumbani mzee wangu anatazama taarifa ya saa moja na ya saa tatu, na katikati anasikiliza wachambuzi wa siasa kwenye YouTube. Akizima, namsikia jirani ukutani na televisheni yake. Rozari naianza vizuri, nikifika Salamu Maria ya tatu mkono umeshakwenda. Kuna usiku nilisema "sasa na saa ya kufa kwetu" huku natazama mtu akipigwa, na sikusimamisha hata moja, si sala, si video.

Jumatano ya Majivu iliponifikia nikasema basi. Nilipokea majivu asubuhi, jioni nikafuta kila kitu kwenye simu na kunyamazisha makundi yote mpaka Pasaka. Kijana wangu, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho na anakaa hosteli, nilimwambia anipigie tu. Nilitegemea amani. Usiku wa pili nililia mpaka mzee akaamka, na sikuweza kumwambia nalia nini. Lakini niliendelea.

Jumapili ya pili ya Kwaresima, tukitoka Misa, mwenyekiti wa jumuiya yetu akaniuliza mbona hawakuniona. Mjane mmoja wa jumuiya, mama mzee ambaye alikuwa akinishikia mtoto wangu wa mwisho nikienda kazini, alifariki Jumanne. Walisali kwake Jumatano na Alhamisi jioni, Ijumaa alfajiri mwili ukasafirishwa kwenda mashambani. Yote yaliandikwa kwenye kundi la jumuiya. Nyumba yake iko ploti ya tatu kutoka kwetu. Wiki hiyo nilikuwa natoka dukani usiku kwa ajili ya oda moja kubwa, nikapita pale siku mbili bila kujua. Mwenyekiti akaniambia, "Tulidhani umehama jumuiya."

Nilifika nyumbani nikawasha kila kitu. Jumbe 417. Nikazisoma zote.

Mzee wangu anasema alijua. Kwake yeye, mtu anayeziba masikio nchi ikiungua anajidanganya tu kwamba anasali. "Lisemwalo lipo," akaniambia, "na mwaka 2027 utapiga kura kwa kukisia?" Sikuwa na jibu.

Naomba unisaidie. Je, nilikosea kufunga habari? Ni dhambi kutotaka kujua yanayowapata watu? Na mtu wa Nairobi anayekaa vyumba viwili atapata wapi kimya cha kusali, wakati hata masomo ya Misa yamo ndani ya simu hiyo hiyo?

Ni mimi mama wa Umoja.

JIBU

Milele na milele, amina. Pole sana, dada yangu, kwa mama huyo aliyekushikia mtoto.

Nianze na yeye, kwa sababu hilo halipaswi kungoja Pasaka. Wiki hii, siku yoyote utakayotoka dukani mapema, nunua sukari, majani na unga, uende kwa watoto wake au kwa yeyote wa kwao aliyebaki kwenye nyumba ile. Waambie ukweli kwa maneno machache: nilikuwa nimezima simu nisali, sikujua, sikumsindikiza mama yenu, mnisamehe. Kisha ukae. Kuzika wafu ni moja ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na matanga hayaishi mwili ukishapanda gari. Wanaokuja wiki ya tatu ni wachache, na hao ndio wanaokumbukwa. Siku ya kumwombea, peleka nia ya Misa kwa jina lake.

Sasa, ulikosea wapi? Nimeisoma barua yako mara kadhaa na sioni kosa katika kufunga habari. Naona kwamba mambo mawili yalikuwa ndani ya kifaa kimoja, ukayazima kwa kidole kimoja. Zamani yalikuja kwa njia mbili. Habari za nchi zilikuja kwa redio. Habari ya msiba ilikuja kwa mguu: mtoto alitumwa, akabisha, akasema mama fulani ametutoka. Nani aliyekuwa akizima redio akakosa kubishiwa hodi? Siku hizi mjumbe huyo ameacha kutumwa kwa sababu sote tunadhani "imeandikwa kwenye kundi" maana yake "amejua". Kwa hiyo mwone mwenyekiti, umwambie kundi hulisomi mpaka Pasaka, lakini mgonjwa, msiba au mwenye shida akitokea akupigie au amtume mtu mlangoni. Mpe jukumu hilo na jirani mmoja pia. Si ajabu mkagundua kuna wazee katika jumuiya hiyo ambao hawana simu ya WhatsApp na wamekuwa wakikosa kila kitu miaka yote hii bila mtu kuwauliza.

Kuhusu dhambi, Kanisa halijawahi kuuchukia upashaji habari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nzima kuhusu vyombo vya mawasiliano tarehe 4 Desemba 1963, na inakubali wazi kwamba watu wana haki ya kupata habari. Mzee wako ana msimamo wenye mizizi. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2496, inaonya kwamba vyombo hivi vinaweza kumfanya mtu awe mpokeaji tu, asiyepima anachopokea, na inatutaka tuvitumie kwa kiasi na nidhamu. Kwa hiyo kujizuia unaruhusiwa. Tena tarehe 26 Februari 2020, Jumatano ya Majivu, Papa Fransisko aliwaambia waamini kwamba Kwaresima ni wakati wa kuzima televisheni na kufungua Biblia.

Alikuwa na haki ya kulisema. Usiku wa tarehe 15 Julai 1990, akiwa bado padre huko Argentina, alimwahidi Bikira Maria wa Mlima Karmeli kwamba hatatazama televisheni tena. Alilieleza hilo mwenyewe mwaka 2015 akiwa Papa, akaongeza kwamba gazeti analosoma ni moja tu, na hulisoma kama dakika kumi. Mtu huyo ndiye aliyechagua Lampedusa kuwa safari yake ya kwanza nje ya Roma, Julai 2013, kisiwa ambako wahamiaji, wengi wao kutoka bara letu, walikuwa wakifia baharini. Katika mahubiri yake pale alisema kwamba tangu asikie habari ya vifo hivyo, ilikuwa ikimrudia kama mwiba moyoni, ndipo akaona hana budi kwenda kusali pale. Ona, dada: habari moja. Ilimwingia, ikakaa, ikachoma, ikamtoa nyumbani. Wewe usiku mmoja unapitisha habari sitini, na hakuna hata moja inayopata nafasi ya kuwa mwiba kwa sababu inayofuata imeshaisukuma.

Nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo lenyewe. Umeniandikia kuhusu Kwaresima, makundi na kelele za ukutani, lakini sweta ya kijani ndiyo iliyonishika. Uliandika kwamba yeye alirudi na wewe hujarudi. Nadhani unajua tayari kwamba unapoamka saa kumi usiku huendi kutafuta habari. Unaenda kuhakikisha kwamba kijana hayumo. Kila video unayoifungua unaikuza tena kwa vidole viwili. Ule ni mkesha, na mama anayekesha simlaumu. Ila simu ni mlinzi mbaya, kwa sababu kazi yake ni kukuonyesha wote ambao si yeye, mmoja baada ya mwingine, na hata siku moja haitakuambia kwamba mtoto yuko salama, nenda ukalale.

Anayeweza kukuambia hivyo ni kijana mwenyewe. Je, umewahi kumwambia uliyoyaona siku ile? Kwamba ulidhani umemwona amelala chini? Nina hofu kwamba siku ile alikula, akalala, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yanavyoishia katika nyumba nyingi. Unaposali Rozari, kaa kidogo kwenye tendo la tano la furaha. Mama Maria alimtafuta mtoto Yesu siku tatu katika mji uliojaa watu. Alipompata hakunyamaza. Alimwambia: "Baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Injili ya Luka, sura ya pili, imeyaandika maneno hayo, na mimi huwa nashukuru kwamba hayakufutwa. Hata Maria alimwambia mwanawe alivyoumia. Mwambie wako. Usimfunge asiende anakotaka kwenda, ni mtu mzima mwenye dhamiri yake. Mwombe kitu kimoja: akupigie kila siku saa mbili na nusu usiku, dakika mbili zinatosha, na siku akiona simu inaelekea kuzima chaji akutumie ujumbe kwa simu ya mwenzake.

Na maneno yale yanasema "baba yako na mimi". Mzee wako naye alikuwa wapi siku hiyo? Hukuniandikia. Mwanamume anayetoka taarifa ya saa moja, akapitia kwa wachambuzi, akamalizia ya saa tatu, inawezekana ni mpenzi wa siasa tu. Inawezekana pia ana mkesha wake, na nyumba yenu ya vyumba viwili ina walinzi wawili ambao hawajawahi kuambiana wanalinda nini. Muulize. Muulize siku ambayo hamjabishana.

Umesema hukuwa na jibu kwa methali yake. "Lisemwalo lipo" ilitungwa wakati jambo lilisemwa na mtu ambaye unaweza kumfuata hadi kwake ukamuuliza umelitoa wapi. Mwaka 2025, Papa Leo XIV akiwa na wiki chache tu madarakani, ilisambaa video akionekana kumsifu kiongozi wa Burkina Faso. Wengi Afrika waliitazama na kuituma kwa wenzao. Haikuwa kweli, ilitengenezwa kwa akili mnemba, na Vatikani ikalazimika kuikanusha. Lilisemwa, tena kwa sura na sauti, na halikuwapo. Lakini kuhusu kura ya 2027 mzee ana haki, na usimpinge. Anayejizuia kusoma kila saa bado anapaswa kujua anamchagua nani na kwa nini.

Kwa hiyo nakushauri mfungo mwingine, si ule wa kuzima yote. Taarifa ya saa moja itazameni pamoja, wewe na yeye. Mwisho wa taarifa, mwombe azime kwa robo saa. Si zaidi, wachambuzi na ya saa tatu ni zake, azitazame kwa amani na spika za masikioni. Katika robo saa hiyo mwambieni Mungu mliyoyasikia.

Namaanisha hivyo hasa, kumwambia. Sisi Waswahili tuna bahati katika lugha: tukikutana tunaulizana habari. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za tangu juzi. Injili yenyewe tunaiita Habari Njema. Na kuna mahali Bwana mwenyewe anauliza habari. Jioni ya Pasaka, wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau, wamejaa habari mbaya za siku tatu, wanazizungusha njia nzima. Yesu anawafikia, hawamtambui, anawauliza wanazungumza nini. Mmoja anashangaa: wewe peke yako mgeni Yerusalemu hata hujui yaliyotokea? Naye anajibu kwa swali: "Mambo gani?" Kama kijana wa Nairobi kabisa. Yeye ndiye aliyeuawa, anajua kila kitu kuliko wao, lakini anawaacha waeleze yote, Ijumaa, kaburi, matumaini yaliyovunjika. Hakuwaambia waache kuzungumza mambo ya mji. Aliingia katikati ya mazungumzo, na walipomaliza ndipo akaanza kuwafafanulia Maandiko.

Basi mkae robo saa hiyo, simu ziko jikoni, mmwambie mambo gani. Chagueni habari moja kati ya mlizosikia. Kama kuna jina, litajeni. Kama ni mafuriko, itajeni mtaa. Semeni mlivyoogopa, semeni mlivyokasirika, hata kama ni kwa sauti isiyo ya kanisani. Nyamazeni kidogo. Kisha Baba Yetu. Kuna siku habari hiyo itaishia hapo. Kuna siku itakuambia kesho fanya jambo, na hapo ndipo utajua imekuwa mwiba. Kile kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima ambacho maaskofu wetu hutoa kila mwaka kwa ajili ya jumuiya, chenye picha na kisa cha kila wiki, kinakwenda kwa njia hiyo hiyo: kutazama, kupima, kutenda. Kama kipo nyumbani chini ya mafaili ya shule, kitoe.

Usiku simu ilale jikoni, ndani ya kabati la sufuria. Nunua saa ya mezani ya kengele, ndiyo itakayokuamsha. Kwa simu za kijana na jumuiya, acha mlio wa kupigiwa tu uwe juu, utausikia. Masomo ya Misa yamo kwenye Misale ya Waumini, ya karatasi, na karatasi haitakuletea video ya mtu akipigwa katikati ya Zaburi. Ukiamka saa kumi, na utaamka, kwa sababu mwili umeshazoea, usiende jikoni. Kaa kitandani useme mstari wa mwisho wa Zaburi ya 4, ule wa "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara". Urudie polepole. Kuna usiku hautakuletea usingizi. Bado uko mikononi mwa Mungu ukiwa macho.

Kuhusu machozi ya usiku wa pili. Uliyataja kama dalili kwamba mfungo haukufaa, na hapo sikubaliani nawe. Mimi nilikwenda mafungo ya kiroho ya siku tatu miaka kadhaa iliyopita. Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe, kutafuta simu niliyoiacha kwa mapokezi. Siku ya pili, nikiwa nimekaa chini ya mti, sina hata kitabu, nilianza kumlilia baba yangu. Alikuwa na miaka sita kaburini. Wakati wa mazishi nilikuwa mweka hazina wa kamati, baadaye nikawa na kazi, baadaye na simu. Ndivyo kimya kinavyoanza: kwanza kinatoa kilichokuwa kinangoja zamu. Wewe ulinyamaza siku mbili, na 25 Juni ikapata nafasi ya kulia. Nadhani sasa unajua ulikuwa unalia nini, na unaweza kumwambia mzee wako. Ila kama moyo unakwenda mbio, au usingizi umekataa wiki kwa wiki, ongea pia na daktari au mshauri nasaha. Paroko wako anaweza kukuelekeza, na kwenda huko si kukosa imani.

Umeuliza kimya kiko wapi Nairobi. Kwako wewe kiko karibu kuliko unavyofikiri. Ukitoka dukani, kabla ya kwenda stejini kupanda matatu ya Umoja, tembea upande wa pili wa mji hadi Basilika ya Familia Takatifu. Kutoka River Road ni mwendo mfupi wa miguu. Ingia, ukae ubavuni, mahali unapoiona taa nyekundu ya tabernakulo. Huna haja ya kusema kitu. Mikono yako imeshika kitambaa tangu asubuhi. Iweke magotini tu. Nimekuchagulia kanisa hilo makusudi, kwa sababu liko hatua chache kutoka Bunge. Barabara zile ulizozikuza kwa vidole viwili ziko nje ya ukuta wake. Naamini itakusaidia kukaa pale katika mwili wako, kimya, mahali ambapo kwa muda mrefu umekuwa ukienda kwa macho tu. Ukishindwa siku ya kwanza, toka, urudi wiki nyingine. Na Jumamosi moja kabla ya Juma Takatifu, kama nauli ipo, mchukue mzee mwende Bustani ya Ufufuo kule Karen mkafanye Njia ya Msalaba taratibu, chini ya miti.

Mwambie kijana wako leo kuhusu saa mbili na nusu. Na akipiga mkiwa katikati ya Rozari, mpokee, umwekee baba yake amsikie, umuulize amekula nini, kisha mwendelee mlipoachia.